Neno la Ijumaa

Kiitaliano changu nilikiokota ufukweni
kama waokotavyo simbi: kwa kuinama.
Nilijua kuuliza bei, kujibu bei, kushusha bei,
kumwambia chao bibi aliyekwisha nipa mgongo.
Miaka kumi na minne ya vishikio vya funguo,
majina ya watu nikiyachonga juu ya mpingo wa uongo
(mwarobaini uliopakwa kiwi ya viatu),
wala sikuwahi kujifunza neno la mvua.
Nani angenunua mvua?

Binti yangu Mbeyu analijua.
Kalileta nyumbani, Muyeye, mwezi wa tano,
bati likipigwa hata hatusikizani.
"Pyoja," akasema, kidole juu,
na hakulitafutia bei.

Shule yao ni godauni la zamani la korosho.
Ukuta nusu samawati, nusu manjano.
Samawati ni kwa Mwalimu Mwanaheri, mzaliwa wa Siyu,
Kiswahili chake kimenyooka kama uzi wa fundi;
manjano ni kwa Bi Ornella.
Sakafuni umepigwa mstari wa chaki.
Mtoto akiuvuka hubadili ulimi
kama avuavyo viatu mlangoni.

Na Bi Ornella hatafsiri.
Nilikwenda kulalamika. Karo nimelipa,
mbona mtoto haambiwi maana?
Mwanaheri akanipa kiti, kiti cha mtoto,
magoti yakanifika kidevuni.
"Tazama kwanza, baba Mbeyu."

Bi Ornella alishika papai.
Hakusema hiki ni nini.
Alilinusa, akalipasua, mbegu zikamwagika mezani,
akaanza kuhesabu kwa lugha yake, watoto nyuma yake,
wakikosea, wakirudi, hakuna fimbo,
mpaka thelathini na tatu, akanyamaza.
Lwambi, aliyekuwa bubu darasani tangu Januari,
akaitamka thelathini na nne.
Hawakumpigia makofi. Walimpa kipande.

Kisha mbegu zilezile zikavuka mstari.
Mwanaheri akazihesabu upya kwa Kiswahili, zikapungua mbili,
na Lwambi akaulizwa mfuko wake una nini.
"Tunafundisha hesabu," Mwanaheri akanong'ona.
"Lugha huingia nyuma yake, kama paka."

Mimi nilisoma Ganda.
Nilivishwa kibao shingoni, kimechorwa punda,
kwa kusema *madzi* badala ya maji.
Sauti moja tu. Nilikaa na kiu mpaka kengele ya jioni,
maana kuomba tena kungenitoa lilelile.

Ijumaa, alisema Mbeyu, walimu huketi sakafuni.
Kila mtoto huja na neno la kwao
ambalo si samawati wala si manjano,
na wao wakubwa ndio hukosea, wakirudi.
"Nipe langu, baba."

Nilitafuta kichwani
kama mtu atafutaye sarafu kwenye suruali iliyokwisha fuliwa.
*Mudzi*, nikasema.
"Ni mji?"
Si mji. Mji una benki, una kituo cha polisi,
mudzi ni pale ambapo...
Nikasita. Nilikumbuka papai.

Nikampakia kwenye baiskeli, alasiri ya Alhamisi.
Sikutafsiri njia nzima.
Nikamshusha mlangoni kwa jiko la mama yangu,
moshi ukimwingia machoni, kuku akimpita miguuni,
na pale nyuma ya mgomba
palipozikwa kitovu changu, na cha baba yangu,
nikamwacha asimame muda apendao.

Mama akachota mtungini.
"Madzi," akasema, akimpa kata.
Mbeyu akanywa yote,
akaomba tena, kwa neno lilelile,
kwa sauti kubwa, kama ambaye hajawahi kusikia habari za punda.