Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kumi na saba ni wa bibi harusi wa Iyunga.
Wa kumi na tisa ni wa kwaya ya Uyole, sauti ya pili,
watu kumi na wanane, wote wanataka mikono mirefu.
Katikati yao, kwa penseli, kwa mwandiko wa kujificha:
mimi.
Kifua mia na nane. Kiuno mia na tatu.
Nyonga sikuandika. Niliona, nikakunja futi,
nikairudisha shingoni juu ya ile karatasi ya kliniki
yenye presha yangu na alama mbili za mshangao.

Miaka ishirini na miwili napima watu Mwanjelwa,
nawaambia, "Vuta pumzi. Achia."
Mwenyewe sijawahi kujiambia.

Alfajiri ya Julai, baridi ya Loleza inapita chini ya mlango
kama mdai anayeijua nyumba.
Nimesogeza cherehani, nimesogeza meza ya kupasia,
nimebakiwa na nafasi ya kanga moja,
na humo ndimo ninamoruka.
Kijana wa kwenye simu anasema "thelathini"
kama mtu anayeomba chumvi.
Mimi nafika kumi na moja, napiga magoti,
nasingizia sala.
Madumu mawili ya mafuta nimeyajaza maji,
ndiyo vyuma vyangu.
Ambakisye, mpangaji wa upande wa pili, anagonga ukuta:
"Mama Lusajo, unatwanga nini saa kumi na moja?"
"Najitwanga."

Chakula hakipimwi kwa futi, hapo ndipo pagumu.
Nimejifunza kupima kwa mkono:
ugali ngumi moja, maharage ngumi mbili,
majani ya maboga mpaka sahani isionekane.
Parachichi la Rungwe nusu, na nusu ya pili nampa Lusajo
kabla sijabadili mawazo.
Usipa wa Kyela, wa kuchemsha,
unanitazama kwa macho yake yote.
Sukari nimeitoa kwenye chai,
chai imebaki kama nyumba iliyohamwa.

Siku ya ishirini na tatu tulimzika mjomba, Tukuyu.
Nilikula ndizi za nyama, nikarudia, nikarudia tena,
mvua ikinyesha vile Tukuyu inavyojua kunyesha.
Daftarini nimeandika: *Msiba. Nilikula.*
Sikufuta.

Kule kule mama mkwe alinishika mkono juu ya kiwiko,
akaubana kama anayechagua kuku:
"Nani amenipunguzia mkwe wangu?"
Shangazi mmoja akauliza kwa chini hospitali gani.
Huku kwetu kukonda ni habari, na habari hutembea:
niliporudi sokoni, Bi Syabumi wa vitunguu
aliniwekea machungwa sita kwenye kibanda
akakataa hela, akakwepa macho yangu.
Niliyala. Mawili kwa siku. Nayo nimeandika.

Wiki ya sita kiuno kikagoma.
Tisini na sita. Tisini na sita. Tisini na sita.
Nikasema futi imechoka, imevutika,
nikaazima ya Anyisile, fundi wa suruali.
Nayo ikasema vilevile, ingawa si ndugu.
Siku hiyo sikuruka. Nilikaa kwenye ile nafasi ya kanga
nikasikiliza kijana wa simu akihesabu peke yake.

Halafu Ijumaa nikabeba majora mawili ya kitenge
toka Mafiati mpaka kibandani, simu sikioni,
nikigombana na mteja wa Vwawa juu ya vifungo.
Nilipoyatua ndipo nikagundua:
hakuna aliyeniuliza, "Mbona unahema?"
Nikafungua daftari. Kifua, kiuno, nyonga.
Nikapiga mstari mpya pembeni, nikaandika *pumzi*,
kisha nikakaa na penseli mkononi
sijui namba gani inaingia hapo.

Usiku huu nimefumua gauni la kijani, la Pasaka iliyopita.
Nimelibana vidole viwili kila ubavu.
Mkasi ulikuwa pale pale.
Ile ziada ya ndani nimeikunja, nimeipasi, nimeilaza.
Sikukata.