Jino Ambalo Mbwa Hakulila

Vidonge vilikuwa vya manjano, rangi ya kiini cha yai.
Daktari msaidizi Gombojav alivihesabu mara mbili
juu ya tandiko la farasi wake, meza haikuwapo.
"Dulamsuren, kabla ya kula. Kwa maji matupu.
Na maziwa, usiyaguse."

Mama akacheka hadi kikohozi kikamkata.
Maziwa, usiyaguse!
Bonde la Tamir, mwezi wa sita,
chai ni maziwa yenye chumvi,
kitafunio ni maziwa yaliyoanikwa juu ya hema,
pombe ni maziwa ya farasi yaliyopigwa mchi mara elfu,
hata msafiri hunyunyiziwa maziwa nyuma ya kwato
ili njia imfungukie.
Na homa yenyewe, ile ya kupanda jioni na kushuka alfajiri,
aliipata kwa mbuzi.
Maradhi yaliingia kwa mlango wa maziwa,
dawa ikaukuta mlango huo huo umezibwa.

Maana tetrasaiklini ina tabia yake:
ikikutana na kalsiamu haiachi mkono.
Hushikana tumboni kama walevi wawili kizingitini,
haingii huyu, haingii yule.
Hivyo hivyo, wamekumbatiana, hupita utumbo mzima
wakatokea nyuma ya hema.
Mbwa akanusa, akaenda zake.

Mama akajifunza kuwatangulia ng'ombe kuamka.
Akameza kwa maji ya mto, baridi ya kuuma fizi.
Lakini zipo siku mama mkwe aliamka mapema zaidi,
bakuli la chai likawa linafuka moshi,
na bakuli la mama mkwe halirudishwi.

Kilichopenya kikapenya.
Utumbo mwembamba ukakipokea, damu ikakichukua,
ini likakitupa kwenye nyongo,
nyongo ikakirudisha utumboni,
utumbo ukakiokota tena,
kama noti iliyochakaa isiyotoka sokoni.
Figo nazo zikachuja: kila zipitapo saa nane, nusu,
kisha nusu ya nusu,
hadi homa ikaisha na watu wakasema
dawa imetoka.

Imetoka yote?
Mimi nilikuwa humo, mimba ya miezi saba,
najenga meno gizani,
simjui Gombojav wala katazo lake.
Niliagiza kalsiamu tu.
Ikaja na mgeni ameing'ang'ania,
nikawajenga wote wawili ukutani.

Meno yangu ya kwanza yakaota na mstari wa rangi ya chai.
Binamu zangu waliniita Kikongwe.
Kila lilipong'oka moja, mama alilizungushia mafuta ya mkia wa kondoo,
akampa mbwa wetu Basar:
chukua hili bovu, tuletee zuri.
Jino kwa jino Basar akaimeza dawa ya mwaka ule.
Baba alisema ndiyo maana hakuugua kamwe.

La mwisho liling'oka bwenini, Tsetserleg,
ambako hakukuwa na mbwa.
Nililificha ndani ya kichupa cha ugoro cha baba,
na baba akavuta ugoro wenye jino muongo mzima
bila kuuliza neno.

Sasa nina miaka hamsini na mmoja,
nachonga meno ya bandia Ulaanbaatar, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Mama tulimzika majira ya baridi, ardhi ikagoma kuchimbika.
Jana, wenzangu walipokwisha kuondoka,
nilizima taa, nikaliweka jino chini ya mwanga wa urujuanimno.

Likawaka. Manjano,
uzi mwembamba kuliko unywele,
na haukuwa uzi mmoja:
unawaka, unafifia, unawaka,
unakatika kidogo, unaanza upya.

Sitaapa mbele ya hakimu. Darubini yangu ni ya mafundi.
Lakini niliusoma kwa ncha ya sindano, taratibu,
na panapong'aa niliona asubuhi za mama peke yake mtoni,
vidole vimekufa ganzi, kidonge ulimini;
na pale penye giza,
pale, pale, na pale tena,
bakuli la bibi.