Uzi wa Chini

Oulu, saa mbili asubuhi, na bado giza.
Tuulikki anampaka Kyösti jeli kifuani,
anaomba radhi kwa ubaridi wake,
anafungua sauti ya mashine:

du-shwaa. Du-shwaa.

Miaka arubaini mzee amepatanisha piano za shule
kutoka Kemi hadi Kajaani;
sasa anautegea sikio mwili wake mwenyewe.
"Hiyo shwaa," anasema, "si yangu."

Wanafunzi wa udaktari, watatu, wanazuia kicheko.
Kiooni damu inageuka njiani,
nyekundu inakuwa buluu, inarudi ilikotoka.

Profesa hacheki.
"Vali hushikwa kwa nyuzi. Mmoja umekatika."

Kyösti anafumba macho.
"Wa chini," anasema. "Usiku
nilikuwa nikiugusa, hauitiki."