Diski ya Arobaini na Saba

Saa tisa usiku, Kajaani.
Kiwanda cha karatasi kilichofungwa kabla sijaolewa
kinanguruma tena, feni badala ya mitambo.
Nje, baridi imeshuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani, diski tisini na sita zinazunguka gizani
na picha za watu wa kaskazini: mapafu, nyonga,
vichwa vilivyobusu barafu.

Simu kutoka Rovaniemi. Daktari hana matusi, ana uchovu:
"Goti la mtoto limekataa kufunguka."

Nafungua takwimu. Wastani unanipokea kwa bashasha:
milisekunde kumi na moja. Hatujambo, unasema.
Ndiyo tabia ya wastani. Nyumba ina wazima tisini na watano
na mmoja anakata roho chumba cha nyuma,
ukibisha hodi utaambiwa, hatujambo sote.

Basi nikamwacha msemaji wa ukoo sebuleni,
nikapita kitanda kwa kitanda.
Tisa. Tisa. Nane. Kumi. Tisa.
Arobaini na saba:
mia mbili na kumi na mbili.

Na picha moja hukatwakatwa, kila kipande na diski yake;
daktari haoni kitu hadi kipande cha mwisho kiwasili.
Msafara mzima hutembea kwa mguu wa anayechechemea.

Ilmari, mwezi wa tatu kazini, keshashika bisibisi.
"Imeoza, Aune. Tuing'oe."
Diski mpya i mkononi, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha.
Nami nusura niseme ndiyo. Usiku
kung'oa ni rahisi kuliko kusoma.

Lakini ile mia mbili na kumi na mbili ni jumla,
na jumla hufunika. Nikaipasua:
kusubiri foleni, mia mbili na saba;
kuhudumiwa, tano.
Tano, Ilmari! Tano kama majirani zake.
Makosa ya kusoma: sifuri. Joto: nyuzi thelathini na nne.
Mkono wake si mzito. Mlangoni pake pamejaa.

Nani kawatuma wote hapa?
Daftari la Julai linajibu kwa mwandiko wa Veijo,
aliyekuwa na haraka ya kwenda kuchuma beri kinamasini:
"Za terabaiti nane zimekwisha. Nimeweka ya kumi na sita."
Na mfumo hugawa mzigo kwa kupima tumbo,
haujui kuhesabu mikono.
Tumbo mara mbili, maombi mara mbili, mkono ule ule mmoja.
Wenzake hupumzika nusu ya muda, yeye hapumui.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikamkumbuka dada yangu Sylvi, kule Sotkamo.
Nyumba yake ina vyumba sita, tukampelekea mama.
Akichelewa kujibu ujumbe tunasema, Sylvi kabadilika.

Nikabadilisha tarakimu moja: uzito, kumi na sita uwe nane.
"Mkurugenzi ataona nusu iko tupu," Ilmari akaonya.
Aione.
Kisha yakawa mabaya zaidi, maana kutuliwa mzigo nako ni kazi:
kila kipande kinachohama, mwenyewe lazima akitoe mlangoni.
Mia mbili arobaini. Mia tatu na tano.
Ilmari akanitazama, akaitazama bisibisi.
Nikamwambia, chemsha kahawa.

Saa kumi na moja, mia na sitini.
Saa kumi na mbili, arobaini na moja.
Jua la huku halina haraka; saa nne ndipo litachungulia.
Kumi na nne. Kumi.
Tisa.

Rovaniemi hawakupiga tena. Shukrani zetu huja hivyo, kimya.
Ilmari akairudisha diski mpya kabatini,
nami nikasimama dirishani na simu,
nikiingoja saa ambayo Sylvi atakuwa amemaliza
kumvisha mama soksi.