Nusu ya Ufadhili

Barua ilifika Jumanne, bahasha ya kaki,
dada Nyevu akaisoma wima, kiatu kimoja mguuni.
Chuo cha bara kinamtaka kwa timu yake ya gofu:
wasichana watano, yeye wa tano.
Kitamlipia nusu.

Baba, mkata nyasi za uwanja tangu sijazaliwa,
akauliza: Nusu gani?
Ya juu au ya chini?
Kichwa kisome, tumbo likeshe?
Mama akamwambia hebu nyamaza,
lakini usiku nilimsikia naye akihesabu
nauli, sabuni, blanketi la baridi ya huko,
kwa sauti ya mtu anayesali.

Nusu iliyobaki: elfu sitini na mbili.

Klabuni wakaitisha harambee.
Bwana Renzo, ambaye hoteli yake ina kufuli tangu wageni wapungue Malindi,
alitoa fimbo saba kuukuu
na glavu ya mkono wa kulia. Nyevu huvaa ya kushoto.
Kisha akainuka mhasibu, Bwana Shebwana,
akakaba kipaza sauti kama kuku wa kuchinjwa,
akaahidi elfu ishirini.
Tulipiga makofi mpaka kunguru wakahama mvinje.
Picha ikapigwa: Nyevu katikati, ameshika hundi ya kadibodi
pana kuliko mlango wetu.

Ahadi ni deni, ndivyo tulivyofunzwa.
Hatukufunzwa namna ya kumdai mtu
ambaye baba humvulia kofia.

Miezi miwili. Simu yaita, haipokewi.

Mimi Thoya kazi yangu ni vichakani.
Mpira ukikengeuka shimo la sita,
ukazama kwenye michongoma,
naingia mimi, natoka na mikwaruzo.
Nauosha kwa maji ya kisima, yenye chumvi,
nauza mitatu kwa mia.
Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la Kemia:
mipira elfu moja mia nane na sitini
sharti ipotee kabla ya Septemba.

Ndipo dua zikaanza kugombana chini ya paa moja la makuti.
Nyevu anaomba: Mola, wangu unyooke.
Mimi naomba: Mola, ya wenzake ipinde.
Wapelekee kusi ubavuni,
wape kiburi cha kuchagua fimbo ndefu,
wape hoja za kubishana huku wakipiga.

Nilipomwambia, alicheka hadi akashika ukuta.
Halafu akaacha kucheka.
Akasema: Bwana Shebwana hukunja kiwiko.
Kila mara, akiwa na watazamaji.
Simama kulia, karibu na tangi la maji.

Jumamosi nikasimama kulia, karibu na tangi la maji.
Wa kwanza ukaja ukivuma kama nyuki.
Wa pili.
Wa tatu ukagonga mnazi, ukaniangukia miguuni
kama mtoto aliyetumwa dukani na kurudi na chenji.
Alipomaliza mzunguko nilikuwa na sita,
yote ina herufi zake kwa wino wa kijani.

Nikamuuzia mwenyewe.
Akatoa mia mbili, akanigonga begani:
Dada yako hajambo? Mwambie sijamsahau.
Nikasema, Naam. Nasi hatujakusahau.

Usiku nikaandika:
Bw. Shebwana, amelipa mia mbili.
Baki, elfu kumi na tisa na mia nane.

Baba aliliona daftari.
Akasoma taratibu, kidole chini ya kila tarakimu,
akalifunga, hakusema neno.

Asubuhi alitoka na mashine yake kama kawaida,
akakata shimo la kwanza, la pili, mpaka la tano.
Kwenye la sita, upande wa kulia,
akaipinda mashine mapema,
akaziacha nyasi zirefuke.