Futikamba

Mimi fundi. Kazi yangu kupima:
bega, kwapa, kiuno, mguu.
Shingo ya sheha wetu naijua kwa inchi,
kumi na sita u nusu, na kila Idi haimtoshi.
Lakini la alasiri ile ya Mfunguo Tatu
sina futikamba yake.

Mvua imeufukuza mji.
Dukani, nyuma ya soko la Wete, tumebaki wawili,
mimi na Bi Raya,
mwenye vitambaa, mwenye cherehani,
mwenye deni langu la laki nne na nusu,
la mama kupasuliwa tumbo.
Akateremsha komeo.
Nikasikia chuma kinaingia katika chuma.

Nilisema sitaki.
Nilisema kwa adabu, kama unavyomwambia mteja
kitambaa hakitoshi.
Akacheka. "Mwanamme gani husema sitaki?"
Kisha akanitajia deni.
Kisha akamtaja dada yangu, anayetarizi kwake.
Kisha mkono wake ukawa mahali sikuuruhusu,
na mimi, mtu wa kilo themanini,
nikawa kanzu imetundikwa msumarini.

Nilimwambia Khatib barazani, kwa mafumbo.
Kahawa ikamtoka puani.
"Unalia wewe? Wenzio wanaomba dua!"
Mmoja akauliza kama naumwa.
Mwengine akataka kujua duka hufungwa saa ngapi.
Nikacheka nao.
Hilo bado linanikera kuliko komeo:
nilicheka nao.

Usiku naushona, naufumua.
Mumewe wa mwanzo, yule wa Konde,
alimfungia mlango vivi hivi,
na mji ukaita ndoa.
Shoga zake, wakipakana hina, humwambia
mwanamme hakatai, hujivunga tu.
Na funguo zote za nyumba ile, leo,
zimo kiunoni mwake.
Nikiziunga nyuzi hizo napata vazi,
naona hata lilivyokatwa.
Udhuru silioni.
Wangapi walifungiwa milango
wasimfungie mtu?

Jumamosi nikenda kituoni.
Nilipita mlango mara tatu,
mara ya tatu nikajifanya nauliza njia.
Askari, mwanamke, kalamu yake inavuja,
hakucheka.
"Ulimwambia hutaki?"
"Nilimwambia."
"Mara ngapi?"
Nikaona haya, kama niliyepunja kitambaa cha mtu.
"Mara moja."
Akaandika, akaufuta wino kidoleni.
"Imetosha," akasema.