Eda ya Chupa

Chupa mia tatu na kumi na mbili, nimezihesabu mwenyewe,
nimeziandika kwenye daftari la karafuu la marehemu baba,
pale palipokuwa na pishi na bei ya serikali.
Zimetoka Tumbe, Micheweni, na mtaro wa nyuma ya soko la Wete.
Moja ilikuwa na kaa ndani; kakulia humo, mlango ukamshinda.
Nyingine ilikuwa na mkojo.
Hiyo sikuiandika.

Mize anazikata kwa mkasi wa cherehani.
Chombo chetu ni mtungi wa shaba uliokuwa wa mafuta ya makonyo,
hata leo ukiupasha unanuka jino bovu na dawa yake.
Humo anamimina glaikoli, anatia vipande, anawasha,
digrii mia na tisini, si pungufu, si zaidi,
kisha, kwa kijiko cha chai, chokaa:
chokaa ya makombe ya chaza, tumeichoma wenyewe tanuuni,
ndugu wa ile ya tambuu.

"Na hiyo ya nini?" akauliza sheha, leso puani.
Mize hakutaja kichocheo. Alisema, "Huyu ni kadhi.
Plastiki ni ndoa iliyofungwa na mashine,
punje imeishika punje, maelfu, mkono kwa mkono;
bahari huichana tu, haiiachanishi.
Kadhi anaingia, anavunja,
anatoka na kofia yake ile ile,
kesho ana kesi nyingine."

Sheha akacheka. Mimi sikucheka.
Nilikuwapo Chake siku Mize aliporudisha mahari,
noti kwa noti, mbele ya watu,
akihesabu kama ninavyohesabu chupa.

Saa nne motoni. Tukachuja kwa kipande cha kanzu.
Chokaa ikabaki juu ya kitambaa, haijaliwa.
Tukaiosha, tukaianika. Itafaa tena mara tatu, nne;
hata kadhi huchoka.

Baada ya talaka, eda:
maji baridi, barafu ya wauza samaki,
usiku kucha usifunue.
Alfajiri zimeota chini ya sufuria
sindano nyeupe, nyembamba,
chumvi iliyojifunza kushona.

Tulizipika upya zikawa gundi,
gundi ikaziba tangi la maji la skuli.
Linavuja bado, kidogo, ubavuni.
Watoto wamekinga kopo.

Mfuko wa nailoni tuliujaribu siku moja.
Ukaelea, ukanywea, ukakataa.
"Huyu kadhi wake si huyu," Mize alisema,
akautoa kwa koleo, akautazama muda mrefu
kuliko mfuko unavyostahili kutazamwa.

Kesho Shaame analeta viroba sita kutoka Konde.
Nimeshapiga mistari. Safu ya kushoto: chupa.
Ya kulia ilikuwa ya pishi.
Nimelifuta neno la baba kwa raba, taratibu,
na sijajua pale niandike nini.